Volkswagen ya Mwalimu na upande wake wa kulia

Mwalimu alishuka garini, tukaamkiana, na kabla sijamuuliza kuna shida gani alikwisha inama nyuma ya gari na kuingiza kiganja kati ya tairi na madigadi. Upande wa kushoto kiganja kilipita kimesimama. Upande wa kulia vilipita vidole vitatu, navyo kwa kubanana.

"Umeona?"

"Nimeona, Mwalimu."

"Basi watatu waliokutangulia nao waliona."

Gari lenyewe ni Volkswagen ya mgongo wa kobe, ya mwaka 1965, injini ya 1200, nyeupe iliyoanza kugeuka rangi ya maziwa ya mtindi. Mwalimu amestaafu siku nyingi. Kila wiki hutoka nalo Tanga mjini kwenda shambani kwake Muheza, na msimu ukifika hurudi na machungwa. Ukimpa nafasi atakusimulia jinsi gari la aina hii lilivyoshinda East African Safari mwaka 1962, likiwa na Tommy Fjastad na Bernhard Schmider, naye husimulia kana kwamba alikuwa kiti cha nyuma akiwashikia ramani.

Gereji ya kwanza ilimbadilishia shokapu mbili za nyuma. Gari likabaki vilevile. Sikushangaa, maana shokapu ya kawaida ya mafuta haibebi gari. Ichukue mkononi, isukume ndani, kisha iachie: itabaki hapohapo ulipoiacha. Kazi yake ni kutuliza mdundo. Zile za gesi husukuma kidogo, lakini si kwa kiasi cha kuinua kona ya gari. Hata hivyo, nimeona magari mengi yaliyolala upande yakivalishwa shokapu mpya, nadhani kwa sababu shokapu inaonekana kwa macho, inauzwa kila duka la spea, na inafungwa kwa bolti mbili.

Gereji ya pili ilikuwa na akili zaidi, ila akili ya kuficha. Nitaieleza mbele kidogo. Ya tatu ilisema chesisi imepinda, ikataka kukata na kuchomelea, na ikataja bei iliyomfanya Mwalimu awashe gari palepale na kuondoka.

Kabla ya kugusa spana nilimuuliza kitu kimoja: lilianza lini? Jibu la swali hili hugawa njia mara mbili. Gari lililolala upande kwa ghafla limekatika kitu, au limegongwa, au limetoka gereji jana likiwa limefungwa vibaya. Gari linalozama polepole lina kitu kinachochoka. Mwalimu alifikiri, kisha akatoa simu. Kulikuwa na picha ya harusi ya bintiye, gari limepambwa kwa maua, nalo limesimama sawa. Kulikuwa na nyingine ya Idd, miaka mitatu baadaye, na hapo ukikodoa macho unaanza kuona. Ya mwisho ilikuwa ya mwaka huu, haihitaji kukodoa. Nikaiweka habari hiyo akilini. Ndiyo iliyokuja kuamua kesi, ingawa siku ile sikujua bado.

Kazi ya kwanza ikawa kupima sakafu. Watu hucheka wanapoona fundi magari anapima sakafu, lakini zege la gereji yetu lilimwagwa ili maji yatoke nje, na maji hayatoki mahali palipo sawa. Niliazima mpira wa maji wa fundi uashi wa jirani, ule mpira mwembamba unaoona ndani, nikautumia kulinganisha mahali pa magurudumu manne. Pembe ya nyuma kulia ilikuwa chini kwa milimita 11. Kwa hiyo sehemu ya ulemavu wa gari lile ilikuwa ya gereji yetu. Nikaweka vipande vya plywood chini ya matairi mpaka maji yakakubali.

Hapo ndipo nilipoona akili ya gereji ya pili. Tairi la nyuma kulia lilikuwa 165/80 na la kushoto 155/80, yote ya inchi 15. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana huo. Piga hesabu: ubavu wa la kwanza ni milimita 132, wa la pili 124. Walikuwa wameinua kona iliyolala kwa milimita 8 za raba. Kwa macho palipungua kidogo, na Mwalimu alifurahi kwa siku mbili. Lakini kwenye gari hili magurudumu mawili ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na ukiyapa ukubwa tofauti, diferensha, yaani gia zinazoyaruhusu magurudumu hayo kuzunguka kwa kasi tofauti, haipumziki hata kwenye barabara iliyonyooka. Nikavua lile kubwa, nikachukua jozi ya 165 zinazofanana kutoka kwenye akiba yetu, upepo sawasawa pande zote. Gari likazama tena. Mwalimu alikunja uso, nikamwambia avumilie: sasa angalau tunaona ugonjwa wenyewe.

Jambo jingine linalowadanganya mafundi kwenye Volkswagen za zamani ni jeki. Ekseli zake za nyuma zinaning'inia kutoka kwenye giaboksi kama mabawa. Ukiinua gari, magurudumu hushuka na kujikunja kuelekea ndani kwa chini. Ukilishusha, matairi yanashika sakafu yakiwa yamejikunja hivyohivyo, hayawezi kuteleza kwenda nje, na gari linabaki limesimama juu kama paka aliyeona mbwa. Ukipima wakati huo umepima ukaidi wa raba. Inabidi ulisukume mita kumi mbele, urudi mita kumi nyuma, ubonyeze pembe zote, halafu ndipo upime. Tulilisukuma mara tatu, na tulipima mara tatu, mpaka namba zikaacha kubadilika.

Kwenye mdomo wa madigadi, kulia kulikuwa chini ya kushoto kwa milimita 42. Kama ningeishia hapo ningekuwa nimeingia mtego wa mwisho, kwa sababu madigadi ya gari hili ni vipande vya kufungwa kwa bolti. Hakuna sheria inayosema kipande cha kulia, kilichonunuliwa mwaka mwingine kutoka kiwanda kingine, kitakaa sawa na cha kushoto. Bodi nayo imekalishwa juu ya chesisi kwa bolti na raba, na kwa miji yetu ya pwani, ambako chumvi haina likizo, inaweza kuzama upande mmoja huku chesisi iko sawa kabisa. Kipimo cha kweli kinachukuliwa kwenye chuma ambacho springi zenyewe zimeshikwa. Nyuma ni ncha za bomba nene linalokatiza gari, mbele ni ncha za yale mabomba mawili yanayobeba magurudumu ya mbele.

Nyuma, kati ya ncha na ncha, kulia kulikuwa chini kwa milimita 22. Mbele kulia kulikuwa chini kwa milimita 21.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo gereji ya tatu ilipopotea. Fundi yule aliona gari limelala nyuma kulia, akaona na mbele kulia limelala, akahitimisha kwamba upande mzima umepinda. Lakini chukua meza ya miguu minne, kata mguu mmoja, kisha ipakie mzigo kwenye miguu laini. Meza nzima italala, na ile pembe iliyo na mguu mzima upande uleule nayo italala, kwa sababu ubao wa juu ni mmoja na haukunjiki. Chesisi ya gari ni ubao huo. Kama ingekuwa imejisokota, mbele na nyuma zingelala kwa viwango tofauti. Namba 22 na 21 juu ya vipimo vinavyokaribiana kwa upana zinasema kinyume cha alichosema: chesisi ya Mwalimu ilikuwa imenyooka. Gari zima lilikuwa limelala kama kitu kimoja, na kosa lingeweza kuwa pembe yoyote kati ya nne. Pembe ya mbele kushoto ikiwa imekaa juu kupita kiasi ingetoa picha hiyohiyo.

Kwa hiyo ukiangalia gari lililosimama kwa miguu yake yote minne, huwezi kusema mgonjwa ni nani. Lazima uwatenganishe.

Kuwatenganisha si kazi kubwa. Tulichukua jeki ya magurudumu, juu yake tukalaza kipande kifupi cha chuma cha mviringo, tukaiweka katikati kabisa ya mabomba ya mbele, tukainua mpaka matairi ya mbele yakaachana na sakafu. Pembeni tuliweka stendi mbili, zimeachiwa nafasi ndogo, za kupokea gari likiteleza, na hakuna aliyeruhusiwa kuingia chini. Sasa mbele ya gari imesimama juu ya kidole kimoja. Haiwezi kusaidia wala kupinga chochote kuhusu kulala. Mlalo wowote unaobaki ni wa nyuma peke yake.

Milimita 22 zikawa 34.

Mbele ilikuwa ikijitahidi kulizuia gari lisilale, na tulipoiondoa nyuma ikalala ilivyotaka. Tukageuza: jeki nyuma, katikati, chini ya mahali giaboksi iliposhikwa na uma wa chesisi, kipande cha mbao ngumu juu yake, kamwe si chini ya injini. Magurudumu ya nyuma yakaning'inia. Tukasukumasukuma mbele ili itulie, tukapima. Tofauti ya milimita 2. Mbele ikaachiwa huru, haina kesi ya kujibu.

Kwa anayelifahamu gari hili matokeo hayo hayashangazi. Ndani ya kila bomba la mbele mna bapa nyembamba za chuma zilizolazwa pamoja kama fungu la kuni, zinazotoka gurudumu la kushoto hadi la kulia, na zimekazwa katikati kwa skrubu moja. Fungu ni moja, hivyo uchovu wake ni wa pande zote mbili. Mbele ya Volkswagen hulala upande mmoja pale mkono unapopinda kwa kugonga shimo au bushi zinapoganda kwa kukosa grisi, na ya Mwalimu hupigwa grisi kila anaporudi kutoka shambani. Anazihesabu nipeli kwa sauti.

Nyuma mambo ni tofauti. Hakuna springi ya kujiviringa wala ya majani. Kila upande una nondo moja ya chuma cha springi, ambayo mafundi wetu huiita tosheni, imelala ndani ya lile bomba nene. Ncha yake ya ndani imeshikwa katikati ya gari, ya nje imeshika bamba la chuma linaloelekea nyuma hadi kwenye ekseli. Gurudumu likipanda, bamba linainuka, na nondo inasokotwa kama kitambaa kinachokamuliwa. Ferdinand Porsche na ofisi yake ya Stuttgart waliichukulia hataza springi ya namna hii mwaka 1931, kabla Volkswagen yenyewe haijakuwepo. Faida yake ni kwamba haichukui nafasi. Hasara yake ni kwamba haionekani, na kisichoonekana hakishukiwi. Gereji tatu zilipita juu ya nondo ile.

Tuliondoa kwanza washukiwa wadogo. Betri ya gari hili iko chini ya kiti cha nyuma, kulia, na kwa magari yetu dereva naye yuko kulia. Tulitoa betri, tukapima, tofauti ikapungua kwa kitu ambacho hakifai hata kuandikwa. Mwalimu alipoketi kwenye usukani gari lilizama kulia milimita 6 zaidi. Ni mwembamba. Kuna watengenezaji waliolifikiria jambo hili mapema: Land Rover za zamani za springi za majani zina springi ya upande wa dereva iliyo tofauti na ya abiria, na fundi asiyejua akizibadilishana gari linalala mpaka siku atakapokuja anayejua. Volkswagen hawakufanya hivyo. Raba za kuzuia ekseli zilikuwa hazijaguswa. Shokapu mpya tulizifungua chini, gari halikusogea, kama ilivyotarajiwa.

Ikabaki tosheni. Hapa nawaomba wasomaji wanaopenda kujaribu nyumbani wasome taratibu. Bamba la tosheni halilali huru. Limepandishwa juu ya ukingo wa chuma kwenye fremu, na hata gari likiwa hewani, gurudumu likiwa limetolewa, nondo bado imesokotwa. Ukilitoa bamba pale kwenye ukingo bila kulishika, linashuka kwa nguvu ya kuvunja mkono. Tunalishika kwa jeki na mnyororo, tunalishusha kidogokidogo. Na kabla ya kulegeza bolti zinazounganisha ekseli na bamba, tunapiga alama kwa tindo juu ya vyuma vyote viwili, kwa sababu matundu yale ni marefu, na ekseli ikirudi milimita chache pembeni gurudumu litaangalia njia ya kwake.

Mabamba yote mawili yalipokuwa huru, tulipima pembe zake kwa simu iliyowekwa programu ya kupimia mlalo, tukilinganisha na sehemu ya chini ya mlango. La kulia lilikuwa limeinama pungufu ya la kushoto kwa karibu digrii 5. Bamba lina urefu wa sentimita 40 hivi kutoka kwenye nondo hadi kwenye ekseli. Digrii 5 kwenye urefu huo ni milimita 35, na sisi tulikuwa tumepata 34 kwa jeki. Namba mbili zilizopatikana kwa njia mbili zisizojuana zikikutana hivyo, fundi hulala usingizi.

Lakini digrii 5 zilitoka wapi? Nondo ile ina meno pande zote mbili: ya ndani 40, ya nje 44. Jino moja la ndani ni digrii 9. Jino moja la nje ni digrii 8 na dakika 11 hivi, digrii moja ikiwa na dakika 60. Ukizungusha ndani jino moja mbele na nje jino moja nyuma, unabakiwa na dakika 49, ambazo kwenye ncha ya bamba ni karibu milimita 6. Ndivyo gari hili linavyorekebishwa urefu, na ndiyo sababu meno hayakufanywa sawa. Digrii 5 ni hatua sita za namna hiyo. Kwa hiyo fundi aliyekosea kuhesabu angeweza kabisa kuliacha gari katika hali tuliyoikuta. Pembe ya bamba haiwezi kukuambia kama meno yamekosewa au chuma kimechoka.

Zile picha za simu zinaweza. Meno yaliyokosewa hukosewa siku moja, na gari hulala siku hiyohiyo. Gari la Mwalimu lilikuwa sawa siku ya harusi, limeinama kidogo siku ya Idd, limelala mwaka huu. Hicho ni chuma kinachokata tamaa.

Tulilegeza bolti chache za mbele za madigadi ili nondo ipate njia, tukaivuta nje. Kijana wangu aliifuta kwa kitambaa, akaigeuza ncha kwenye mwanga, akaniita. Kwenye ncha palikuwa pamegongwa herufi L.

L ni kushoto. Nondo tuliyoitoa kulia ilikuwa ya kushoto.

Hili si jambo la lebo tu. Nondo hizi, zikiwa bado kiwandani, husokotwa kupita kiasi kuelekea upande zitakaofanyia kazi, ili chuma kizoee na baadaye kisilegee. Ya kushoto huzoezwa upande mmoja, ya kulia upande wa pili. Ukizibadilishana zitaingia bila shida, meno ni yaleyale, urefu ni uleule, na gari litasimama vizuri. Ila sasa kila siku unaisokota nondo kinyume cha mazoezi yake, nayo itajilegeza kidogokidogo, na inaweza kukatika.

Nilidhani zimebadilishana. Tukafungua kushoto. Nayo ilikuwa L.

Gari lilikuwa na tosheni mbili za kushoto. Nikamwita Mwalimu, nikamwonyesha ncha zote mbili. Alizitazama kwa muda, akavua miwani, akaisafisha, akaivaa. Halafu akasema taratibu kwamba kuna mwaka, si muda mrefu kabla ya harusi ya binti, gari lilikatika kitu nyuma kulia akitokea shambani, likakaa chini kama ng'ombe. Walilivuta mpaka kwa fundi mmoja njiani. Fundi alikuwa na mzoga wa Volkswagen nyuma ya banda lake. Alichukua "chuma" kwenye mzoga, akakifunga, na jioni Mwalimu akafika nyumbani. Aliona ni muujiza. Hakuwahi kuitaja habari hiyo kwenye gereji yoyote kwa sababu kwake ilikuwa imekwisha: kitu kilikatika, kikabadilishwa, gari likasimama sawa hata likapigwa picha.

Sitaki kumlaumu sana yule fundi wa njiani. Alikuwa na gari barabarani, jua linazama, na mzoga ambao huenda upande wake wa kulia ulikwisha liwa na kutu. Alihesabu meno vizuri. Angetazama ncha tu.

Palizuka mjadala pale gerejini. Kijana wangu alitaka tuirudishe nondo ileile, tuizungushe hatua sita, gari likae sawa, Mwalimu asiingie gharama. Kwa mkanda wa kupimia ingekuwa kweli: gari lingeondoka limenyooka. Nilikataa. Nondo inayolegea haijamaliza kulegea kwa sababu umeisogeza meno. Miaka miwili mingine tungekuwa palepale, kama si barabarani na ekseli imelala. Tena ilikuwa na mkwaruzo wa zamani katikati, rangi imetoka, kutu imeanza kuchimba. Nondo hizi hupakwa rangi kwa sababu hiyo hasa: kila kijishimo cha kutu ni mahali ufa utakapoanzia. Mwalimu alisikiliza pande zote mbili kama anavyosikiliza wanafunzi, kisha akasema, "Tafuteni R."

Kutafuta R kulichukua siku kumi na tisa na simu nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Tuliletewa mbili za L na moja ya gari jingine kabisa, fupi. Hatimaye ilipatikana Dar es Salaam kwa mtu anayechinja Volkswagen za zamani, ikasafiri kwa basi imefungwa kwenye gunia. Nilimwomba anipigie picha ya ncha kabla hajaipeleka stendi. Ilipofika niliipitishia kidole urefu wote, kisha ukucha, kisha nikaitazama juani. Rangi yake ilikuwa nzima.

Kufunga ni kazi ya subira, sina mengi ya kusimulia. Raba za pembeni ya bamba zilikuwa zimekauka, tukaweka mpya. Zina upande wa juu na wa chini, na za kwetu ziliandikwa neno la Kijerumani, *oben*, yaani juu. Hizo hazipakwi grisi, grisi huila raba. Tulitumia poda ya mtoto, gereji nzima ikanukia kliniki. Kwa meno, kitabu kina namba ya digrii kwa kila mwaka na kila aina ya gari, lakini upande wa kushoto wa gari hili umezeeka kwa heshima yake na uko chini ya kitabu kwa karibu digrii moja. Ningeweka kulia kwa namba ya kitabu, ningelilaza gari kushoto. Niliufuata upande wa kushoto. Mara ya kwanza tulikuwa pungufu hatua mbili, tukavuta nondo nje, tukahesabu upya kwa chaki. Mara ya pili simu ikasoma sawa kulia na kushoto.

Tukarudisha bamba juu ya ukingo, ekseli kwenye alama za tindo, tukalishusha, tukalisukuma mita kumi mbele na mita kumi nyuma. Kwenye ncha za bomba la nyuma kulia kulikuwa chini kwa milimita 2. Mwalimu alipoketi ikawa 8. Nikamwomba alitumie wiki mbili, aende Muheza na arudi, bila kupakia machungwa upande mmoja, kisha alilete. Aliporudi zilikuwa 3 na 9, na hapo ndipo zilipobaki hata mwezi uliofuata.

Kuna kitu kimoja hatukukigusa. Kwenye madigadi bado kulia kuko chini, milimita 12 hivi, kwa sababu chesisi inatoa 3 tu na zilizobaki ni za lile digadi la kununua, lililotobolewa matundu yake vibaya na mtu mwingine mwaka mwingine. Nilimwambia Mwalimu kwamba fundi wa bodi anaweza kulipandisha kwa nusu siku. Alikataa, kwa sasa pesa imekwisha. Ila wazee wenzake kwenye kahawa wanaendelea kuingiza vidole kwenye tairi la kulia na kumwambia gari bado limelala, na wiki iliyopita alikuja kuniazima ule mpira wa maji. Nilimwambia si wangu, ni wa fundi uashi. Akaenda kuununua wa kwake, mita kumi na mbili, uko kwenye buti.